Faiba, Cheo na Kabati la Chuma

Jumatatu, 2 Juni 2025
Daktari wa Musoma kasema moyo umechoka. Sawa. Mimi Baltazari, mwenyekiti wa ushirika wa pamba hapa Bunda, nataka jambo moja tu: kufa nikiwa mwenyekiti. Mwenyekiti huzikwa kwa hotuba. Mzee wa kawaida huzikwa haraka, mvua isije ikanyesha.

Tatizo ni intaneti. Tuliacha modemu ya laini ya simu, nikaleta faiba. Sasa ofisi nzima inatambaa. Makamu wangu, Stanislausi, anawaambia wanachama kwamba kobe wa kwao Kiabakari ana mbio kuliko faiba ya mzee. Uchaguzi ni Ijumaa. Mshenzi!

Jumanne, 3 Juni
Nimezima, nimewasha. Nimewashutumu panya. Nimemshutumu Stanislausi. Kampuni ya intaneti inasema laini ni safi. Karani wetu, Tabitha, akauliza kisanduku cha waifai nimekiweka wapi. Nikamjibu: pahala salama, binti, mali ya chama haiachwi mezani kama sahani ya dagaa.

Jumatano, 4 Juni
Mungu wangu! Nimefungua kabati la chuma nitoe muhuri, Tabitha akapiga vigelegele: barua pepe zinaingia! Nikafunga, akanuna. Nikafungua, akacheka. Kisanduku nilikifungia humo mwenyewe. Chuma kinameza mawimbi!

Naungama hapa, kwa Mungu peke yake. Wanachama hayawahusu.

Mpango: mkutano wa uchaguzi ni humu humu ofisini, nitakaa kando ya kabati. Akiongea Stanislausi, nafunga. Nikiongea mimi, nafungua.

Ijumaa, 6 Juni
Ilianza vizuri. Stanislausi alitaka kuonyesha bei za pamba kwenye kompyuta. Zikagoma! Zamu yangu, zikamiminika. Makofi! Nikasema nimeikemea kampuni.

Hapo kikohozi kikanishika. Nikaegemea mlango wa kabati, ukajifunga kwa kishindo. Kompyuta ikaganda. Tabitha, kwa adabu zote: babu, naomba uinuke hapo kidogo. Nikainuka. Mlango ukafunguka, bei zikarudi. Wanachama wakaangua kicheko. Mzee Nyamburi, mwanachama wa siku nyingi, akasema alikuwaga ananiamini, kisha akamnyooshea Stanislausi mkono wa kura. Wote wakamfuata. Wote!

Jumapili, 8 Juni
Stanislausi amekiweka kisanduku mezani, peupe. Kasi ya ajabu. Nimelia kidogo.

Jioni, simu kutoka Butiama. Ushirika wao nao umehamia faiba, wanatafuta mlezi mwenye uzoefu. Nikauliza kama mlezi husomewa hotuba kaburini. Husomewa. Nimekubali.

Nimewaagiza wakifungie kisanduku chao ndani ya chuma, wezi ni wengi. Wakianza kulia, nitakwenda kuwaokoa.