Namba Moja Tu Duniani

Duniani kote kulikuwa na namba moja tu yenye akili, na mwenye namba hiyo alikuwa mjomba wangu. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na karakana nzima ya samani tulishachoka kumsikia.

Ilikuwa namba ya kufuli la stoo, kule tunakoweka misumeno ya umeme. Tarakimu sita. Bosi alikuwa anatafuta msimamizi wa stoo, na mjomba alikitamani cheo hicho mpaka akamdanganya mkewe kwamba ameshakipata. Mkewe naye akautangazia ukoo.

Ijumaa asubuhi Bosi akaja. "Fundi, nasikia kufuli lako halichezewi. Kama hakuna atakayelifungua mpaka saa ya chai, cheo chako."

Mjomba akavuta suruali juu. "Bosi, hawa hata nikiwadokezea hawaiwezi. Isome kutoka mbele, isome kutoka nyuma, ni ileile. Tena ni mraba, yaani kuna namba imezidishwa kwa yenyewe. Na inagawanyika kwa kumi na moja bila kubaki kitu. Ya tarakimu sita yenye sifa hizo ni moja tu!"

"Na hiyo iliyozidishwa, nayo inagawanyika kwa kumi na moja?" aliuliza Mama Chai, mama anayetuchemshia chai, huku akifuta vikombe.

"Lazima igawanyike, mama. Lakini hesabu tuachie sisi."

Mama Chai akabandika birika, akatoa simu yake, akafungua kikokotoo. Akaanza na mia tatu kumi na tisa mara yenyewe, maana chini ya hapo namba za kumi na moja hazifikishi tarakimu sita. Siyo. Akaongeza kumi na moja, akazidisha tena. Siyo. Akaongeza tena kumi na moja. Mjomba hakumwona, alikuwa anatupangia zamu mpya za kuazima misumeno.

Birika likaanza kutokota. Mama Chai alikuwa amefika mia nane thelathini na sita. Akakitazama kioo cha simu mara mbili, akajikokota hadi stoo, akabonyeza 698896. Mlango ukafunguka.

"Umeniibia namba!" mjomba akafoka.

"Nimeiba wapi, baba? Si umenishika mkono mwenyewe mpaka mlangoni?"

Bosi alicheka mpaka akakaa juu ya mbao. Mimi nilimwonea mjomba huruma, maana simu yake ilikuwa inaita mfukoni, na bila shaka ni ndugu wa kutoa pongezi.

Cheo akapewa Mama Chai, na siku hiyohiyo akabadilisha namba. Jumatatu mjomba akahitaji msumeno. Akasimama mlangoni pa stoo, akaamriwa atazame ukutani wakati mama anabonyeza.

"Mama, nidokezee basi kidogo. Ni mraba? Ni tasa? Inagawanyika kwa ngapi?"

"Ni namba tu, fundi. Usigeuke."