Mayai ya Mitetea wa Jenerali

Jumatatu, Machi 3

Nyota yangu imewaka! Mzee wa Pavia aliyekuwa akituletea mayai amefunga banda, kahamia kwa bintiye huko Bacolod. Maabara bila mayai ni msiba. Vijidudu vya kifua kikuu ni vilafi, havioti mpaka uvipikie. Unavunja mayai, unachanganya na chumvi na rangi ya kijani, unayagandisha kwenye mirija ya kioo. Kisha kila mrija unautia dawa yake, unapanda vijidudu vya mgonjwa, unangoja uone dawa ipi inaviua na ipi vinaicheka. Mpishi ni mimi, Teryo. Miaka kumi na mmoja, na sijasikia hata ahsante.

Daktari Villaflor, mkuu wetu, akauliza nani anajua mayai ya kuaminika. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Nina mitetea kumi na wanane nyumbani Molo, wake halali wa jogoo wangu wa kupigana, Jenerali. Usimamizi wa jiko la maabara utakuwa wazi mwezi ujao. Nauona unakuja wenyewe. Genalyn, mwenzangu anayekitaka cheo hichohicho, akaguna.

Jumatano, Machi 5

Fomu! Eti kuku wamepewa dawa yoyote? Genalyn akanisomea somo: kuku akila dawa, dawa inaingia kwenye yai, na juu ya yai hilo kijidudu hakioti ng'o. Kana kwamba mimi nimeanza kazi jana. Nikaandika HAPANA kwa herufi kubwa.

Na ni kweli. Ile poda ninayomtilia Jenerali kwenye maji kabla ya pambano si dawa, ni nguvu. Pakiti ina picha ya jogoo mwenye misuli. Mitetea wanakunywa chungu kimoja naye, sawa, lakini wao hawapigani na mtu.

Ijumaa, Machi 7

Nimepika mirija mia moja na ishirini. Imeganda vizuri, kijani cha kupendeza. Genalyn anataka tuijaribu kwanza kwa vijidudu tunavyovijua tabia. Wiki tatu za kungoja! Nikamwambia aliyezaliwa na wivu hufa nao. Daktari yuko Manila kwenye mkutano, kwa hiyo ubishi nimeshinda mimi.

Jumatatu, Machi 10

Leo nimepanda vijidudu vya Ninang Puring, mama yangu wa ubatizo. Miezi minane anameza vidonge na kikohozi hakimwachi. Mjukuu wake wa kwanza kazaliwa Februari, na bibi anamwangalia kupitia dirisha tu, barakoa usoni. Daktari wake anangoja jibu letu: dawa zipi bado zinafaa. Akilipata, anabadilisha siku hiyohiyo.

Jana baada ya Misa nilimwambia Ninang jibu lake litaota kwenye mayai ya nyumbani. Alicheka mpaka akakohoa. Akaahidi akipona atanishonea shati la nyuzi za nanasi. Nitalivaa siku ya kukabidhiwa jiko.

Genalyn naye kapanda vijidudu vilevile kwenye mirija iliyobaki ya mayai ya mzee wa Pavia. Eti tahadhari. Nimemwachia. Mtu mzima hagombani na watoto.

Jumatano, Machi 26

Mirija yangu imetulia, safi, haina hata doa. Ya Genalyn baadhi imeanza kutoa chembe za manjano, inatia kinyaa. Nikamshauri kwa upole awe ananawa mikono.

Jumatatu, Aprili 7

Siku ya kusoma. Jamani! Hakuna kilichoota! Dawa ya kwanza, vimekufa. Ya pili, vimekufa. Zote! Hata mrija usiotiwa dawa, ule tunaouita shahidi, vimekufa. Nikakaa chini. Vijidudu dhaifu namna hii sijapata kuona, vinakufa kwa hofu.

Sikungoja sahihi ya mtu. Nikampigia Ninang, nikamwambia dawa zote zinamfaa, kapona huyo. Alilia kwenye simu. Akasema kesho asubuhi anakwenda kumpakata mjukuu wake, barakoa anaitupa mtoni. Nikalala kama mfalme.

Jumanne, Aprili 8

Sina hamu ya kuandika. Naandika.

Saa moja na nusu asubuhi Genalyn akaniuliza mbele ya Daktari: huyo shahidi asiyepewa dawa, kaka Teryo, kafa na nini? Nikasema hofu. Hakucheka mtu. Daktari akataka kujua kuku wangu wanakunywa nini. Nikatoa pakiti mfukoni kwa fahari kabisa. Akasoma maandishi madogo chini ya miguu ya jogoo. Ni dawa ya kuua vijidudu, tena ndugu wa dawa tunazozipima humu. Mayai yangu yaliviua vyote, mrija uwe na dawa au usiwe nayo. Sikuwa nimepima kitu.

Ninang!

Sikumbuki nilivyofika kwake Arevalo. Nilimkuta anatoka getini, gauni la Jumapili, uso wazi, anang'aa. Nikasimama mbele yake nimetandaza mikono kama Jenerali ulingoni. Nikamweleza. Alifungua mkoba. Akachukua barakoa, akaivaa taratibu. Akasema, "Teryo, nilidhani kubatizwa mara moja kunatosha. Kumbe maji yalikuwa machache."

Nikalia njia nzima hadi kazini. Ningemuua mtoto wa watu kwa mayai.

Alhamisi, Aprili 10

Mirija ya Genalyn imesema kweli. Dawa mbili vijidudu vya Ninang vinazicheka, na ndizo hizo alizokuwa akimeza. Zilizobaki zinaviua. Daktari wake amembadilishia leo. Vipimo vikitoka safi, atampakata mjukuu. Ninang kanitumia ujumbe: shati bado lipo, ila kwanza nijifunze kusoma maandishi madogo. Mama huyu ana moyo!

Jiko kapewa Genalyn. Mimi naosha chupa. Nimetia sahihi karatasi ya Daktari: yai la kuku wa Teryo lisivuke geti hili mpaka siku ya kiyama.

Nimeisoma mara mbili, maandishi madogo na makubwa. Inasema kuku.

Shemeji yangu wa Dumangas ana bata mia mbili. Yai la bata ni kubwa zaidi, mirija mingi kwa mayai machache! Genalyn mwenyewe atanishukuru. Nilipitia kwa shemeji nikitoka kazini. Bata wazima, wakali, manyoya yanameta. Safari hii nimekuwa makini, nikamuuliza kwanza anawapa nini. Akasema wala si dawa, ni poda tu ya kuwachangamsha.

Nikadai kuiona pakiti. Ina picha ya bata mwenye misuli. Haina neno.