Maneno Mabaya ya Kichina Kwenye Daftari la Kasoro

Jumatatu, 3 Machi

Nafasi imetangazwa! Msimamizi wa ghala. Meneja wetu, Mchina mwenye miwani asiyecheka hata umtekenye, kasema usaili ni Alhamisi. Miaka sita nahesabu ndoo na mabeseni ya plastiki kwenye ghala hili, nafasi ni ya nani kama si yangu? Mpinzani ni mmoja tu: mkalimani wa meneja, binti tunayemwita Kamusi. Ana miezi minane hapa. Minane!

Nimemwambia mke wangu. Kasema nikiikosa hii nayo, basi tutazeekea kwenye chumba hiki cha uani kwa mama yake. Ng'ambo ya ukuta mama mkwe akakohoa. Yule akikohoa ujue kasikia yote. Na mchana siponi pia, maana ndiye anayetupikia chai kiwandani.

Jumanne, 4 Machi

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Kamusi kila siku anamwambia meneja mambo yetu kwa Kichina. Sasa na mimi nitamwambia meneja mambo ya Kamusi, kwa Kichina hichohicho, palepale kwenye usaili. Sihitaji lugha nzima. Nataka maneno ya ubaya tu.

Fundi wa mashine, Mchina mwingine, mtu wa utani, kakubali kunifundisha kwa pakiti mbili za biskuti. Kiingereza chake cha kuokoteza kama changu, tunaelewana. "Huài" ni "bad", ubaya wa kawaida, wa kila siku. "Xié'è" ni "wicked", huo sasa wa kishetani. "Èdú" ni "vicious", mwenye sumu moyoni. "Yīnxiǎn" ni "sinister", yule anayekuchekea huku anakuchimba. Wana ubaya wa kila saizi, kama ndoo zetu! Nimewavulia kofia.

Karatasi sina. Nikachukua daftari la kasoro la ghala. Lina safu nne, zimeshapigwa mistari: bidhaa, kasoro kwa Kichina, kasoro kwa Kiingereza, hatua ya kuchukua. Nani ana muda wa kuchora mistari upya?

Jumatano, 5 Machi

Maneno hayakai kichwani. Mimi mtunza ghala bwana, kitu kisipokuwa na rafu yake nakipoteza. Basi nikaligawia kila neno mtu wake, pale kwenye safu ya bidhaa. Kamusi: "xié'è", "wicked". Mama mkwe: "èdú", "vicious". Meneja: "yīnxiǎn", "sinister", maana miwani ile inaficha mengi. Mke wangu nikampa "huài", "bad", kwa mapenzi tu. Yakaganda yote papo hapo! Ila safu ya nne ikabaki tupu, na safu tupu hunikosesha raha. Nikaijaza kama tunavyoijaza siku zote. Kamusi: irudishwe ilikotoka. Mama mkwe: isiuzwe. Meneja: iyeyushwe upya. Mke: ipunguzwe bei.

Jioni nikataka kuchana ukurasa. Lo! Kurasa zina namba na mhuri, na anayechana anafukuzwa kazi. Na daftari lenyewe husomwa kila Alhamisi asubuhi, watu wote wamejipanga uani, ili waliotoa vibovu waone aibu. Nikalitumbukiza katikati ya rundo la mabeseni mabovu. Nani anagusa takataka?

Alhamisi, 6 Machi

Alhamisi ndiyo siku ya kuondoa mabeseni mabovu. Ratiba hiyo niliiandika mimi.

Vibarua wakaliona daftari, wakampelekea Kamusi, maana ndiye msomaji. Watu themanini mistarini. Mama mkwe pembeni na birika lake. Kamusi kasoma mabeseni kumi na mawili yenye nyufa, kisha akafika kwangu. Akaniinulia macho. Nikamsihi kwa macho, nikamsihi kwa nyusi. Angeweza kuruka, haki ya Mungu! Akakohoa kidogo, akajisoma mwenyewe bila kutetemeka: Kamusi, mwovu, irudishwe ilikotoka. Halafu kwa Kichina. Halafu mama mkwe. Watu wakashika mbavu. Birika likatua mezani kwa kishindo. Alipofika kwa meneja akamtazama, meneja akamwashiria aendelee.

Iyeyushwe upya. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mara meneja akaangua kicheko! Nikajua nimepona. Akasema, na Kamusi akatafsiri, kwamba mtu anayesoma ubaya wake mwenyewe mbele ya watu bila kuruka neno ndiye anayefaa kukabidhiwa ghala. Usaili umekwisha. Na mimi nichukuliwe hatua niliyoiandika mwenyewe mstari wa kwanza: nirudishwe nilikotoka. Nilianzia getini, kwenye ulinzi.

Ijumaa, 7 Machi

Getini. Mke wangu hanisemeshi tangu jana, kasema nimtafute mteja wa hiyo bei ya punguzo. Mama mkwe kamimina chai ya walinzi wote, akaniruka, akatangaza kwamba yangu haiuzwi. Imeniuma, sisemi uongo. Nilishaanza kutazama nyumba za kupanga.

Kamusi kaja kunipa pole na kalamu yangu niliyoisahau ghalani. Anatabasamu! "Yīnxiǎn" mkubwa.

Nimelala kidogo kitini, nimewaza, kosa langu nimeliona. Maneno manne hayakutosha! Jumatatu anakuja mwenye kiwanda, bosi wa meneja mwenyewe, na atapita hapa hapa kwangu. Fundi ana maneno mengine manane, makali zaidi, kwa pakiti nne. Karatasi sina, lakini mezani pana daftari jipya la wageni, safu nne, mistari imenyooka kabisa. Kila anayeingia lazima alisaini.

Nimeanza ukurasa wa kwanza. Kwa wino, yasije yakafutika.