Gari Linalokwenda Likidhani Limesimama

Mwanamina Badawy,
Duka la Khanga na Manukato,
Voi.
Agosti 1996

Mwenyekiti,
Umoja wa Mafundi wa Magari,
Voi.

Ndugu Mwenyekiti Thadeus,

KUH: SENSA MOJA YA SPIDI KUPEWA WAKUBWA WAWILI

Natumai barua hii itakukuta u mzima, na kwamba umenawa mikono kabla ya kuishika. Fundi wako Kituku hajafundishwa adabu hiyo. Alama za vidole vyake ziko kwenye kiti changu cheupe mpaka leo.

Gari langu nilitumiwa na ndugu yangu Fuad kutoka Dubai. Si gari la mshale, Mwenyekiti. Dashibodi yake huandika spidi kwa namba za kijani, na jioni zikiwaka watoto wa mtaa mzima huja kuchungulia dirishani. Chini yake mlikuwa na sensa mbili, yaani vile vidude vya kuhesabu mzunguko wa magurudumu. Moja ikipeleka habari kwa namba zangu za kijani, nyingine kwa kompyuta ya injini. Kila mkubwa alikuwa na mjumbe wake, na tulikwenda salama.

Mwezi uliopita sensa ya kompyuta ilikufa nikiwa Maungu. Nikalipeleka gari kwa Kituku. Badala ya kutafuta sensa nyingine, alichuna waya wa ile ya dashibodi, akaiunganisha kompyuta papo hapo, akazungusha tepu nyeusi, akajifuta mikono kwenye kiti nilichokwisha kukitaja. Akanieleza kwamba wote wawili wanataka habari ile ile, sasa wajumbe wawili wa nini. Nilimuuliza kama yeye na jirani yake wanatumia mswaki mmoja kwa kuwa wote wana meno. Alicheka. Mimi sikucheka, na malalamiko yangu ni haya:

1. Namba zimerukwa na akili. Gari likiwa limeegeshwa mbele ya duka, dashibodi inasoma themanini na nane. Nikiteremka kutoka Wundanyi roho mkononi, inasoma sifuri. Juzi jirani alichungulia akanionya nipunguze mwendo, nami nimekaa ndani ya gari lililosimama, nakunywa uji.

2. Injini imechanganyikiwa zaidi. Kompyuta isipoletewa habari huamini kwamba gari limesimama. Kwa hiyo mimi, mtu mzima mwenye duka, natembelea gari linalokwenda likidhani limesimama. Watu waliosimama wakidhani wanakwenda nimewazoea, tunao tele na wengine wana ofisi. Lakini hili la kinyume chake limeletwa na Kituku, na sijui hata nimpe pole nani.

3. Nikipunguza mwendo, injini huzima. Basi nimeacha kupunguza. Nimepita matanga ya mtu ninayemheshimu bila kusimama, mkono wa rambirambi nimeutoa dirishani. Rafiki yangu wa Mwatate alitoka na chai barabarani, akaishia kuniona mgongo. Mjini wanasema tangu nipate gari la Dubai nimeota pembe.

4. Njia ya Taveta inapita mbugani, na ndovu hawana desturi ya kumpisha mtu. Ukiwaona sharti upunguze mwendo. Ukipunguza, injini inazima, nawe umebaki mbele ya ndovu huku namba za kijani zikikuhakikishia kwamba unakimbia tisini. Ndovu hajui kusoma.

5. Sasa nafika penye uchungu wenyewe, na sitauficha. Binti yangu Jannat ameolewa huko Taveta. Ana mimba ya kwanza, nayo imeingia mwezi wa tisa. Kwetu mwenye mimba ya kwanza hurudi kwa mama kujifungua. Kitanda nimekitandika, samli ipo, udi upo, na mimi ndiye niliyekuwa niende kumchukua. Kila nikijitayarisha nawakumbuka wale ndovu, navua buibui, nakaa. Na mama wa mumewe, Bi Nasima, haachi kuniletea salamu kwamba nisisumbuke, kwake pia pana kitanda. Salamu hizo nazielewa. Bi Nasima anataka mjukuu afumbue macho amwone yeye kwanza. Naogopa, Mwenyekiti. Naogopa mwanangu atashikwa na uchungu, aite mama, na atakayeitika asiwe mimi.

6. Kiti.

Nimekaa na jambo hili nikalipima, nikaona kwamba ugonjwa ni mmoja tu, nao ni kugawana. Kitu kikishapewa wawili, mmoja hudanganywa na mwingine huzimika. Kituku ameanza na waya, kesho atatugawia waume. Kwa sababu hiyo naomba Umoja wako uchukue hatua bila kuchelewa.

Kwanza, Kituku asishike waya wowote mpaka amalize mwezi mzima akigawana na fundi mwenzake sahani, shuka na jozi moja ya viatu. Aje kunieleza jinsi mguu mmoja ulivyopata habari za mwingine.

Halafu, ipigwe marufuku hapa Voi kitu kimoja kutumiwa na wawili. Muanze na wale wachinjaji wa sokoni wenye mizani moja, mumfuate kinyozi mwenye kioo kimoja kwa viti viwili. Atakayebisha aletwe dukani kwangu nimwelimishe.

Mwisho, Umoja utoe tamko lenye mhuri kwamba mtoto anayezaliwa ana bibi mmoja, yaani mzaa mama. Yule mwingine ahesabiwe mgeni, aje kwa mwaliko, apewe mkeka wa barazani na kahawa kidogo. Najua kazi yenu ni magari. Lakini mchezo huu wa kugawana mmeuanzisha nyinyi, na ni haki muumalize nyinyi.

Sensa ya pili Fuad amekwisha kuituma kwa mkono wa msafiri. Ikifika nataka ifungwe siku hiyo hiyo, mbele ya mashahidi, na Kituku asimame mbali.

Nisalimie mkeo na watoto, wasalimie mafundi wote na wake zao. Hata Kituku msalimie, ila salamu yake ampe na jirani yake wagawane, maana habari ni ile ile.

Ni mimi niliyedhulumiwa, ninayekuheshimu bado,
Mwanamina Badawy

Nyongeza, kutoka Taveta: Barua hii ilikuwa ingali mkobani nilipopata habari kwamba Jannat ameshikwa na uchungu. Nilimtoa Kituku gereji kwa ukosi wa shati, akaendesha yeye, mguu haukutoka kwenye mafuta. Mbugani ndovu alitusimamia njiani na injini ikazima kama nilivyokueleza. Kituku akaomba kwa dini yake, mimi kwa yangu, ndovu akaenda zake. Nilipofika mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa, msichana. Bi Nasima alikuwa amemfuta na kumfunika tu. Maji ya kumkosha aliyapasha, yakapoa, akayapasha tena, hakukubali mtu ayaguse mpaka nifike. Jannat ananiambia alipoita mama, Bi Nasima alimshika mkono akamwambia yuko njiani anakuja. Nililia mbele yake, na sikuwa nimekusudia.

Nimeletewa habari kwamba sensa imefika dukani. Mpe mwenye shida nayo. Kituku asiadhibiwe, ila kiti atakifua. Waya auache ulivyo, gari silihitaji, sitoki hapa kabla ya arobaini. Lile tamko la bibi mmoja lichane. Nyumba hii ni ndogo, tunalala chumba kimoja mimi na Bi Nasima, chandarua kimoja, mtoto katikati. Bi Nasima anakoroma sana. Lakini mtoto akilia mara moja tu, tunaamka sote wawili.