Mama Mkwe kwenye Baraza la Ghorofa Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Mkutano wa asubuhi. Mkurugenzi ametangaza kwamba Jumamosi atamteua mkuu wa mauzo. Tumebaki wawili: mimi na mwenzangu tunayemwita Tabasamu. Wiki iliyopita Tabasamu aliuza nyumba tatu. Mimi niliuza sura tu.

Jengo tunalouza nyumba zake halina kosa. Ghorofa kumi na mbili, kwa mtindo wa nyumba za zamani. Mlango mkubwa wa mbao zilizochongwa. Baraza la mawe mbele. Ua wa ndani wenye kisima, ambacho hakina maji ila kina taa. Madirisha ya vibao vya mbao. Lifti nne. Wateja wanakuja, wanasema pazuri, wanapiga picha, wanaondoka.

Mchana nikapata jibu. Nyumba ya kizamani bila mtu wa zamani ni banda la maonyesho. Anatakiwa mzee, akae barazani kama aliyezaliwa pale. Na mama mkwe yuko kwangu tangu jana, amekuja kutibiwa goti. Amekulia kwenye nyumba za aina hii hasa. Bahati imenifuata hadi sebuleni.

Mke wangu ameuliza kama nina homa. Nimemwambia asubiri Jumamosi.

Jumanne, 5 Machi

Nimemwambia mama mkwe kwamba kazini kwetu kuna upepo unaofaa kwa goti. Amekubali, ila kwanza akauliza kama choo kiko karibu.

Alipokaa barazani akainuka papo hapo. Akapima upana kwa shubiri, akasema baraza hili ni la kutazamwa, si la kukaliwa; makalio ya nani yatatosha hapa? Nikatazama pembeni, kama mkwe anavyopaswa. Nikamletea mto.

Saa nne akaja daktari wa meno mstaafu, mama mmoja anayetafuta nyumba ya kuzeekea. Nikamnong'oneza kwamba ukoo wa yule bibi umeishi kwenye kiwanja hiki vizazi vitano. Daktari akaenda kumsalimia kwa heshima zote. Mama mkwe akamweleza kwamba amefika juzi kwa basi, na kwamba mlinzi amemwambia hapa palikuwa gereji. Walicheka mpaka daktari akaegemea ukuta.

Ameondoka na namba ya simu. Ya mama mkwe.

Jumatano, 6 Machi

Nimemwomba leo asiseme neno. Wateja nimewaambia koo linamsumbua. Ametimiza ahadi: kimya tangu saa mbili. Mdomo niliufunga, mikono sikuikumbuka.

Saa tano akamwita mtunza bustani kwa kidole. Akachukua mpira wa kumwagilia maua, akauelekeza kwenye dirisha la ghorofa ya kwanza. Nyumba yetu ya mfano. Maji yote yakaingia ndani, na ndani alikuwemo Tabasamu na wateja wawili, wamekaa kwenye kochi jipya.

Nakiri nilifurahi, kwa muda wa pumzi mbili hivi. Kisha Mkurugenzi naye akatokea dirishani, ndevu zinachuruzika.

Hapo mama mkwe akafungua mdomo. "Vibao vimewekwa juu chini," akasema. "Vinatakiwa viinamie nje, mvua ianguke uani. Hivi vinaikaribisha sebuleni. Afadhali mmwagiwe na mimi leo kuliko na mvua mkiwa mmeshahamia."

Tabasamu akashuka, nguo zimemganda mwilini, akamletea kiti kizuri cha mapokezi. Akitabasamu. Sijui anafanyaje.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeitwa kwa Mkurugenzi. Kwenye ngazi nikapanga utetezi: kumkana. Nikamwambia Mkurugenzi kwamba yule bibi simjui kabisa, labda amepotea njia, na kwamba niko tayari kumsaidia afike kwao. Msanifu wa jengo alikuwepo pia, ameshika kipande cha kibao cha dirisha kama mtu aliyeshika barua ya msiba.

Mlango ukafunguka. Mama mkwe akapenyeza kichwa. "Samahani jamani. Mwanangu, dawa yangu ya goti umeiacha kwenye gari. Na mkeo anasema usisahau mkate."

Mkurugenzi akanigeukia. Nikasema sasa nimeanza kumkumbuka.

Nikajua kazi imekwisha. Nikaanza kufikiria namna ya kumweleza mke wangu, tena mbele ya mama yake. Lakini msanifu alikuwa ameshasimama kumpisha mama mkwe kiti. Akamwuliza, kwa sauti ya chini, ni kitu gani kingine hakiko sawa. Mama mkwe akatoa kwenye mkoba kipeperushi chetu cha mauzo. Nyuma yake alikuwa ameandika kwa penseli mambo kumi na saba.

Ijumaa, 8 Machi

Msanifu anamfuata mama mkwe kila chumba na daftari. Kisima kisicho na maji kitageuka pipa la taka. Jikoni hakuna pa kutokea moshi. Kitasa cha mlango mkubwa kiko juu mno. Wazee watabaki nje wakibisha hodi.

Nikaona nafasi. Nikaenda kwa Mkurugenzi, nikamfahamisha kwamba haya yote ni mpango wangu tangu mwanzo, matokeo ya utafiti wa muda mrefu. Akaniuliza kizingiti cha mlango kimeinuliwa kwa sababu gani. Nikasema kuzuia kuku. Akauliza ni kuku wangapi wanaopanda lifti.

Jioni, ndani ya gari, mama mkwe alifunga mkanda, akaweka mkoba mapajani. Kisha: "Mwanangu, jana ulinikana."

Nikamwomba radhi. Kwa dhati, niandike ukweli. Akasema mimi si mtu mbaya, ila mdomo wangu hutoka nyumbani mapema kuliko mimi. Halafu akakumbuka wale kuku, aliosimuliwa na Mkurugenzi. Alicheka hadi nikasimamisha gari pembeni, nami nikacheka naye. Mkate tulisahau.

Jumamosi, 9 Machi

Daktari amerudi na kununua nyumba ya ghorofa ya pili. Ametoa masharti mawili: vibao vigeuzwe, na mama mkwe awe anamtembelea. Mkurugenzi akauliza mauzo haya yaandikwe kwa jina la nani. Nikakohoa kidogo.

"Mwandikieni huyu aliyelowa," akasema mama mkwe. "Nilimmwagia maji, naye akashuka kuniletea kiti."

Basi. Tabasamu ni mkuu wa mauzo. Mama mkwe ni mshauri wa jengo, na ofisi amepewa, ile inayotazama ua. Mimi sijafukuzwa: ni msaidizi wa mshauri. Nabeba mto. Tabasamu amenikumbatia. Nilijitahidi kununa, nikashindwa.

Mke wangu nilipomweleza alikaa chini sakafuni kwa kicheko.

Jumapili, 10 Machi

Nimetafakari kwa kina. Kosa lilikuwa moja tu: nilimchukua mtu anayezijua nyumba hizi. Anayejua hawezi kunyamaza.

Mwezi ujao kampuni inafungua jengo la pili, mtindo huohuo. Sasa, shangazi yangu ameishi kwenye ghorofa maisha yake yote. Nyumba za zamani amezionea kwenye kalenda. Nimempigia simu. Amefurahi sana. Ameniambia mapema kwamba yeye hajui lolote kuhusu majengo, ila hupenda kuwauliza watu maswali.

Nimemwambia hilo halina shida hata kidogo.