Jogoo wa Bati na Koti la Luqmani

Luqmani wa Mwembesongo alikuwa na mali moja ya maana duniani: koti la sufu lenye vibandiko vya ngozi viwikoni. Bila hilo koti alikuwa kijana wa vichochoroni tu. Akilivaa, wahadhiri wazima walimwita mtaalamu na kununua kwake wanyama wa bati "wa enzi za Mjerumani". Wanyama hao aliwakata mwenyewe kwenye makopo ya mafuta ya kula, akawatia springi za saa mbovu, akawafukia kwenye tope washike kutu.

"Usimtie ufunguo leo," alimwonya kila mteja kwa sauti ya msibani. "Springi ya kizee hii. Mwache wiki nzima aizoee nyumba yako."

Wiki ikiisha, Luqmani hapatikani. Wanyama wake wote walikuwa na ugonjwa mmoja: hatua chache, kisha wanaanguka upande wa kushoto.

Basi akasikia kuwa Mgeta kuna bibi mwenye jogoo wa bati wa kweli, urithi wa babu yake. Mate yakamjaa. Akadandia lori lililokuwa likienda kupakia kabichi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu kwenye baridi yetu," alisema Bi Juliana, amejikunja ndani ya khanga.

Jogoo alikuwa mezani, mwekundu, kutu imemla vizuri mkiani. Luqmani akapiga mwayo wa makusudi. "Takataka hii, bibi. Ila nakuonea huruma. Nikupe blanketi?"

"Blanketi ninalo. Nipe hilo koti."

Roho ilimuuma, lakini akavua. Akanyoosha mkono kwenye ufunguo.

"Taratibu, mjukuu wangu. Springi ya kizee hii. Mwache wiki nzima aizoee nyumba yako."

Huyu bibi anajua mali, aliwaza Luqmani, akateremka mlima akitetemeka kwa baridi na furaha.

Wiki ilipotimia akatia ufunguo. Jogoo akajikongoja kidogo, akaanguka kushoto. Luqmani akakwangua ule wekundu, kilemba cha kubandika kikabanduka, akakuta rangi ya bata aliyemuuzia mwalimu Yeremia mwaka jana. Hapo ndipo alipokumbuka: mwalimu alisema anampelekea mama yake zawadi, Mgeta.

Hakukata tamaa. Alimpeleka jogoo kwa mhadhiri Victor, mteja mpya ambaye hawakuwahi kuonana, akiwa na shati tupu.

"Samahani, kijana," alisema Victor. "Vitu hivi nanunua kwa mtaalamu tu. Kuna bibi mmoja wa Mgeta. Ungeona koti lake."