Idara ya Macho Inaishia Hapa

Shirika letu la bima, hapa Milwaukee, lina furaha kuutangazia umma kwamba mpaka wa kichwa cha binadamu umewekwa rasmi. Idara ya Macho inaishia nyuma ya jicho. Idara ya Ubongo inaanzia ndani ya fuvu. Neva inayopita katikati haina mwenyewe, kwa hiyo hailipiwi.

Mimi, Dk. Randall Stubbe, bingwa mstaafu wa chunusi, ndiye Mkuu wa Vibali, mwenye kuamua tiba ipi ilipiwe. Wa kwanza kulalamika alikuwa Dk. Annika Thorvald, mmoja wa wale wanaotibu macho yanayosumbuliwa na ubongo. Alitaka Eugene Pawlak, dereva wa basi la shule, apigwe picha ya kichwa. Nilikuwa nimeshamkatalia kwa barua nzuri sana.

Tukaonana kwa video, daktari kwa daktari, kama utaratibu unavyotaka.

"Macho yake mazima," nikamweleza. "Tena anaona kila kitu mara mbili. Hiyo ni ziada, mama. Sisi tunalipia upungufu."

"Acha masihara, Randall! Kuna kitu kinaikandamiza neva. Basi la shule ameshanyang'anywa, sasa unataka apofuke?"

"Aombe upya theluji ikiisha."

Akaisogelea kamera.

"Hebu nitazame. Hilo kope la kushoto limeanza kuanguka lini?"

"Asubuhi. Usingizi tu. Na kichwa kinaniuma kwa ajili yako."

"Mboni imetanuka hivyo, unasema usingizi? Huenda mshipa wa damu umevimba humo, unataka kupasuka. Njoo hospitali sasa hivi, na usiendeshe gari!"

Nikalishika kope. "Ni jicho au ubongo?"

"Ni neva, bwana."

Niseme ukweli, niliogopa sana. Kabla teksi haijafika, neva ilikuwa imepata idara, mkurugenzi na bajeti. Na kwa kuwa kanuni zetu haziruhusu kumpendelea mtu mmoja, Pawlak naye akaingia humo humo, bila mimi kukusudia.

Hospitalini nikalazwa kwenye kitanda cha magurudumu, nje ya chumba cha picha. Mtu fulani alikuwa amekaa kando yangu. Nikalinyanyua kope kwa kidole nimwone vizuri.

"Wewe ndiye Stubbe wa barua?" akauliza. "Mimi Pawlak. Unaniona wangapi?"

"Wawili," nikasema, machozi yakinilengalenga.

"Hongera kwa ziada, bosi," wakajibu wote wawili.